Kwa mwalimu mpya wa hisabati: kaa na 720,720 wiki nzima

Ukiripoti shule yako ya kwanza, iwe Ilemela, Sengerema au ng'ambo kule Ukerewe, utapewa ratiba, boksi la chaki na darasa lililojaa mpaka dirishani. Mwalimu wa taaluma atakuonyesha mada: namba tasa, vigawo, vigawe, KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Na kwa kuwa ndivyo ulivyofundishwa wewe, utaandika 12 na 18 ubaoni, utatafuta KDS, utapata 36, utafuta, utaandika 15 na 20. Wiki ikiisha wanafunzi wataijua njia lakini hawatajua inakwenda wapi.

Ushauri wangu, mwalimu mwenzangu, ni kuchagua namba moja kubwa na kukaa nayo darasani wiki nzima. Iwe kubwa kiasi kwamba hakuna anayezijua tabia zake kwa kichwa, lakini isifike milioni, maana kuanzia hapo watoto huanza kuogopa sifuri badala ya kufikiri. Mimi natumia 720,720. Nina sababu zangu, na nitazieleza kwa urefu, kwa sababu kuchagua namba ni nusu ya kazi yetu na chuoni wanaipita haraka mno.

Siku ya kwanza usiingie nayo. Ingia na milioni. Watoto wa huku wanaisikia milioni kila siku: bei ya injini, mahari, kiwanja cha Buhongwa. Wape habari ya mtumbwi wa dagaa uliorudi mwaloni alfajiri. Mzigo umeuzwa, mafuta na chakula vimelipwa, tajiri amechukua fungu lake, na kilichobaki kwa wavuvi ni shilingi 1,000,000 kamili. Wakiwa wanne, kila mmoja anaondoka na 250,000. Wakiwa watano, 200,000. Je, wakiwa watatu? Kila mmoja 333,333, na inabaki shilingi 1. Wakiwa saba, kila mmoja 142,857, inabaki 1. Tisa, 111,111, inabaki 1. Kumi na mmoja, 90,909, inabaki 1. Kumi na watatu, 76,923, inabaki 1.

Hapa mtoto wa mvuvi atanyoosha mkono akuambie hakuna mtumbwi wa dagaa wenye watu 13. Ana haki. Mwambie hao ni kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa, muendelee. Mwingine atakuambia shilingi moja haipo mtaani, sarafu ndogo anayoiona ni ya hamsini. Huyo naye usimnyamazishe, maana ameuliza swali zuri la hisabati bila kujua. Mwambie wahesabu sarafu badala ya shilingi: sarafu milioni moja za hamsini, na inayobaki ni sarafu moja. Hesabu haibadiliki hata tarakimu moja.

Sasa waulize kwa nini kila mara inabaki moja. Waache wahangaike, hata kipindi kiishe. Jibu limejificha katika 999,999, ambayo ni 3 × 3 × 3 × 7 × 11 × 13 × 37. Toa shilingi moja kwenye milioni na watu 3, 7, 9, 11 au 13 wanagawana bila ugomvi, hata wakiwa 27 au 37. Irudishe ile shilingi, nayo inakosa mwenyewe. Milioni yenyewe, ukiichambua, ni 2 zilizozidishwa mara sita na 5 zilizozidishwa mara sita, basi. Ina vigawo 49 tu. Kwa macho ni namba ya kitajiri. Ukiifungua ndani unakuta 2 na 5 peke yake.

Ukiwa na dakika za ziada, waonyeshe 142,857. Izidishe kwa 2 upate 285,714; kwa 3 upate 428,571; kwa 4, 571,428; kwa 5, 714,285; kwa 6, 857,142. Tarakimu zilezile sita kwa mfuatano uleule, ila kila safari zimeanzia mahali pengine. Kwa 7 mchezo unakatika: 999,999. Usitumie zaidi ya robo ya kipindi hapo. Inapendeza kiasi kwamba darasa litasahau mlikuwa mnatafuta nini, na wewe pia.

Siku ya pili ndipo iandike 720,720 ubaoni, kubwa, na uiache bila kuifuta. Mpe kila mstari wa madawati namba zake, kuanzia 1 hadi 16, wagawanye. Kwa 7, 102,960. Kwa 9, 80,080. Kwa 11, 65,520. Kwa 13, 55,440. Kwa 16, 45,045. Hakuna baki popote. Kwa 17 inabaki 5. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720, ukiacha sifuri, inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 16; yaani hii ndiyo KDS ya namba hizo zote kwa pamoja. Lakini hilo usiwaambie bado. Kwanza wafundishe kuihoji.

Kuihoji namba kubwa ni kuitazama kabla ya kuigawanya. Inaishia na 0, basi 10 inaingia, na 2 na 5 pia. Tarakimu nne za mwisho ni 0720, na 720 ni 16 × 45. Kwa kuwa 10,000 ni 16 × 625, kilichoko kushoto kwa tarakimu hizo nne hakiwezi kuharibu kitu, kwa hiyo 16 inaingia. Jumla ya tarakimu ni 7 + 2 + 0 + 7 + 2 + 0, yaani 18, basi 9 inaingia.

Hapo kwenye 9 simama. Karibu kila mwanafunzi anayetoka shule ya msingi anaijua kanuni ya kujumlisha tarakimu, na karibu hakuna anayejua inatoka wapi. Laki moja ni 99,999 na 1. Elfu kumi ni 9,999 na 1. Mia ni 99 na 1, kumi ni 9 na 1. Basi ukigawa laki saba kwa tisa tisa, kila laki inaacha 1, zinabaki 7. Elfu ishirini zinaacha 2, mia saba zinaacha 7, ishirini inaacha 2. Ukikusanya mabaki yote unapata zilezile tarakimu. Hiyo ndiyo siri yote, na mtoto wa kidato cha kwanza anaielewa ukimpa maharage ayahesabu mwenyewe.

Wakishalishika hilo, 7, 11 na 13 zinakuja kwa mlango uleule. Kuzidisha 7 × 11 × 13 kunatoa 1,001. Elfu moja ni 1,001 kasoro 1. Kwa hiyo kila elfu, ukiigawa kwa 7 au 11 au 13, inakosa moja ili ikamilike. Elfu 720 zinakosa 720, na kulia kuna 720 nyingine inayojaza pengo. Matokeo ni sifuri. Kwa namba nyingine ya tarakimu sita, toa kundi la kushoto kwenye kundi la kulia, au kinyume chake, uone kinachobaki. Chukua 417,508: 508 kutoa 417 ni 91, na 91 ni 7 × 13. Basi 417,508 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini 11 haiingii. Hakikisha: 59,644 na 32,116.

Kuna mchezo unaotokana na hapo ambao haujawahi kuniangusha kwenye darasa lililosinzia baada ya chakula cha mchana. Mwanafunzi aandike namba yoyote ya tarakimu tatu kwa siri, airudie mbele yake, tuseme 385,385. Jirani aigawe kwa 7, anapata 55,055. Wa tatu aigawe kwa 11: 5,005. Wa nne kwa 13, na karatasi inarudi kwa mwenyewe ikiwa na 385. Waache washangae kidogo, kisha uwaulize 1,001 imepita wapi.

Siku ya tatu ni ya kuichambua mpaka mwisho: 720,720 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13. Njia ya mkato imeshaonekana: ni 720 × 1,001. Wengine wataanza kugawa kwa 2, wengine kwa 5, wengine kwa 13, na wote watafika kwenye orodha hiyohiyo. Wambie hilo si bahati. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ina uchambuzi mmoja tu wa namba tasa, upende kuanzia wapi. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliliandikia uthibitisho kamili mwaka 1801. Ukishakuwa na uchambuzi huo, mambo mengine yote kuhusu vigawo vya namba unayapata karibu bure. Hili ndilo ningependa ulipiganie kuliko kanuni yoyote.

Mfano ni idadi ya vigawo. Usiwaambie waviorodheshe, watafika arobaini na kitu wachoke. Waulize: ukitaka kutengeneza kigawo cha 720,720, utachukua 2 ngapi? Unaweza usichukue hata moja, au moja, mbili, tatu, nne. Njia 5. Tatu ngapi? Njia 3. Je, 5 unaichukua au unaiacha? Njia 2. Vivyo hivyo kwa 7, 11 na 13. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 240. Rudi kwenye milioni kwa njia hiyohiyo: 7 × 7 ni 49. Mwenye jicho atauliza inakuwaje 49 ni witiri wakati vigawo huja jozi jozi, 1 na 1,000,000, 2 na 500,000. Usimjibu. Mwambie atafute kigawo kisicho na mwenzake, na aje kesho na jibu.

Chini ya milioni hakuna namba yenye vigawo zaidi ya 240. Zenye 240 kamili ni tano tu: 720,720, 831,600, 942,480, 982,800 na 997,920, na yetu ndiyo ndogo kuliko zote. Ukijumlisha vigawo vyake 239, bila yenyewe, unapata 2,529,072, yaani mara tatu na nusu ya namba yenyewe. Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyefanya kazi Cambridge, alichapisha mwaka 1915 utafiti mrefu kuhusu namba za namna hii, zile ambazo kila iliyo ndogo kuliko hiyo ina vigawo pungufu. Aliziorodhesha mpaka zaidi ya trilioni sita, bila mashine, na katika orodha hiyo ndefu aliruka moja: 293,318,625,600. Wasomee wanafunzi wako namba hiyo taratibu. Na muda mrefu kabla yake Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiwaza mji mpya uwe na kaya ngapi, alichagua 5,040 kwa sababu inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, hivyo ingefaa kwa kugawa ardhi na kodi. Inagawanyika hata kwa 12. Inayogoma ni 11. Izidishe 5,040 kwa 143, ambayo ni 11 × 13, uone unafika wapi.

Kuna walimu watakaokushauri utumie namba ya nyumbani, labda eneo la ziwa letu, kilomita za mraba 68,800 kama wanavyolikariri kwenye jiografia. Nimeona inatumika. Ina vigawo 42 na inagawanyika kwa 43, lakini hilo halisemi lolote kuhusu Ziwa Victoria, maana 68,800 ni kipimo kilichokadiriwa kwa mamia, na maji yakipanda hata ukingo wenyewe unahama. Fedha, watu na mitumbwi tunavihesabu kimoja kimoja, ziwa tunalipima. Mtoto asiyetofautisha kuhesabu na kupima atakusumbua mpaka kidato cha nne.

Siku ya nne walete mpinzani: 999,983. Haiishii na namba shufwa wala 5. Tarakimu zake zinajumlisha 47, basi 3 imekataa. Toa 983 kwenye 999, inabaki 16, basi 7, 11 na 13 zimekataa. Ni namba tasa, kubwa kuliko tasa nyingine zote zilizo chini ya milioni. Lakini darasa lisilikubali hilo kwa kinywa chako. Kama ina vigawo viwili mbali na 1 na yenyewe, haviwezi vyote kuzidi 1,000, la sivyo zao lingevuka milioni. Kwa hiyo inatosha kuzijaribu namba tasa zilizo chini ya 1,000, nazo ziko 168. Kwa mtu mmoja ni adhabu. Kwa darasa la wanafunzi 56 ni namba tatu kila mmoja, na hapo utashukuru kwamba darasa lako limejaa. Orodha ya zile 168 waitengeneze wenyewe kipindi kilichotangulia kwa chekecheo la Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene, Libya ya leo, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri: andika 1 hadi 1,000, kata 1, kata vigawe vya 2 ukiiacha 2 yenyewe, kisha vya 3, vya 5, hadi vya 31, na zinazosalia ndizo.

Lazima atatokea mmoja wa kusema kwake imegawanyika. Mwite ubaoni kwa upole aigawe tena mbele ya wenzake. Kosa litaonekana kwenye kukopa.

Wengi wa wanafunzi wako hawatakuwa wanahisabati, na hilo lisikuvunje moyo. Wengine watashika daftari la mauzo Kirumba Mwaloni, au la kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa ajili yao tenga nusu kipindi. Mtu aliyetakiwa kuandika 720,720 akaandika 702,720 amekosea kwa 18,000, ambayo inagawanyika kwa 9. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti siku zote inagawanyika kwa 9, kwa sababu ileile ya maharage. Daftari likigoma kulingana na fedha, igawanye tofauti kwa 9 kwanza. Ikikubali, si uthibitisho, lakini tafuta tarakimu zilizogeuzwa kabla ya kumshuku mtu.

Ijumaa ndiyo siku ya ngazi. Andika KDS ya namba kuanzia 1, ukiongeza moja moja: 1, 2, 6, 12, 60, 60, 420, 840, 2,520, 2,520, 27,720, 27,720, 360,360, 360,360, 360,360, 720,720. Waulize ni wapi ngazi imepanda na ni wapi imesimama. Imepanda kwenye 2, 3, 4, 5, 7, 8, 9, 11, 13 na 16. Imesimama kwenye 6, 10, 12, 14 na 15. Watasema haraka kwamba inapanda kwenye namba tasa. Wakumbushe 4, 8, 9 na 16. Baada ya mabishano mmoja atasema: inapanda kwenye tasa, na kwenye tasa iliyozidishwa kwa yenyewe. Ilipofika 14 haikuhitaji kitu, 2 na 7 zilishakuwepo. 15 hivyohivyo, ina 3 na 5. Ilipofika 16 zilihitajika 2 nne na tulikuwa na tatu, basi tukaongeza moja tu, 360,360 ikawa mara mbili. Mwanafunzi aliyeliona hilo hahitaji tena kukariri njia ya KDS.

Kazi ya nyumbani ni 17. Jibu ni 12,252,240, na 18 haiongezi chochote. Watakaomaliza mapema wape 19. Watapata 232,792,560, na hao waandike kwa sentensi, bila kugawanya, kwa nini 20, 21 na 22 zinapita bila kudai kitu na kwa nini 23 itadai.